Neno la Mama Pacha

4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Nisamehe, nimekaa kimya mpaka ukadhani nimekususa. Nikishika kalamu mtoto anaamka, nikimshika mtoto nasinzia mimi. Hujambo huko? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila mpwa wako anaota meno na ameamua nyumba nzima tusilale.

Ile tovuti yetu ya siri imesomwa! Hapa tunapofulia mashuka ya mahoteli hawazungumzi kingine. Wameona mikono yetu ilivyobabuka kwa ile dawa ya kung'arishia. Wamesoma habari za madirisha yaliyopigiliwa misumari, na za glavu tunazoambiwa zinakuja tangu msimamizi hajaota kitambi. Sasa anazunguka na simu mkononi kama kuku aliyepotelewa na kifaranga.

Nimefuata yote uliyonifundisha. Jina langu halipo. Tovuti siifungui kwa intaneti ya kazini. Picha nilikutumia wewe uzisafishe, zisionyeshe zimepigwa wapi na lini, kisha nikazifuta kwenye simu. Hata mume wangu hajui.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Sijambo, mgongo ni ule ule wa kuomba radhi kila nikiinama. Mbusu mpwa wangu.

Umefanya vizuri. Tovuti nimeisajili kwa kuficha jina la mwenyewe, wakitafuta watakuta ukuta. Lakini jana nimerudia ukurasa wa pili nikasita. Umeandika: "Kutwa tumesimama mbele ya mama mkwe, anatupulizia moto usoni na hatuna ruhusa ya kumjibu." Mama mkwe gani tena, na wewe mama mkwe huna? Kama ni jina la kitu hapo kazini kwenu, liondoe leo leo. Na usinijibu kwa simu.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Habari za siku? Mtoto ana mafua, mimi sijielewi. Barua yako imenikuta maji yameshamwagika.

Mama mkwe ni ile mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka. Mama Pacha, ninayesimama naye, ndiye aliyeibatiza: "Huyu mama mkwe kabisa, kazi yake kufoka." Tulicheka, jina likaganda. Nje ya chumba chetu halijulikani. Nililiandika bila kulisikia, kwangu ni jina la mashine tu.

Msimamizi alitusomea sentensi ile kwa sauti. "Haya, mama mkwe wa nani huyu?" Binti mgeni wa kukunja mashuka akacheka, hana hili wala lile: "Si maneno ya Mama Pacha hayo!"

Mama Pacha alitolewa pale pale, hata aproni hakuvua. Wanasema watampeleka polisi kwa kuichafua kampuni.

Jioni alikuja kwangu. Alimbeba mtoto mgongoni ili nipike, akasema, "Mwenzangu, wewe unajua mambo ya simu. Nisaidie kumtafuta aliyeandika. Simgombezi. Nataka aseme tu kwamba si mimi."

Nikamjibu, "Tutamtafuta, dada." Nilimjibu hivyo, Kaka, na mwanangu amelala mgongoni kwake.

Nifanyeje?

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Poleni na mafua. Usinikasirikie: nimebadilisha neno la siri la tovuti. Nakujua, ungeingia ukajitaja, kisha mtoto ale nini? Huyo mama hajaandika kitu, kwa hiyo hawana cha kumshikia. Watamwacha. Wewe nyamaza, upepo utapita.

Kaka yako akupendaye

6 Mei

Kaka,

Nimengoja hasira ipoe ndipo nikuandikie. Hujambo? Mpwa wako ameanza kusimama kwa kushika kiti.

Hawakumwacha. Mama Pacha yuko ndani tangu wiki iliyopita, na pacha wake wanalala kwangu. Mume wangu nimemwambia yote. Alisogeza tu kitanda, pacha wapate pa kulala.

Jana nilikwenda kwa msimamizi nikasema, "Ni mimi niliyeandika." Akacheka mpaka akafuta machozi. "Wewe? Shoga yako amekuahidi nini? Haya, ifungue hiyo tovuti, andika hata herufi moja nikuone."

Nikajaribu mbele yake. Ikanikataa. Sina picha, sina jina, sina alama yoyote. Tumejificha vizuri, Kaka, hata mimi sijioni.

Akaniambia, "Rudi kwa mama mkwe wako."

Nimerudi. Sina pengine pa kwenda. Ushauri unao mwingi, najua, ubaki nao. Ninachohitaji unitumie ni viatu vya mpwa wako, vya mtoto anayeanza kusimama. Nguo za watoto wawili wa miaka sita, za kike na za kiume. Picha zangu zote kama zilivyotoka kwenye simu yangu kabla hujazisafisha. Maandishi niliyokutumia ya ukurasa wa pili, na makosa yangu yale yale. Na neno la siri. Hilo lipitishe kwenye simu, leo, asome atakayesoma.

Mdogo wako