Minazi Yetu Mitatu na Ramani Yako

Mambrui

Mjukuu wangu Salimu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi hatujambo. Shangazi yako amejifungua msichana, na goti langu limetulia.

Umeniuliza mbona ramani mnayoitengeneza huko Nairobi inasema minazi yetu mitatu ni ya kina Kahindi. Shangazi yako alinifungulia kwenye simu. Akaniambia ramani hiyo hujichora upya kila mtu anapoifungua, kutoka kwenye ghala la majina na vipimo. Hapo nikapotea. Isipofunguliwa huwa iko wapi?

Lakini kosa lenyewe nalijua. Nilipokuwa msichana alikuja mpimaji wa ardhi, akanikuta peke yangu naokota makuti. Akauliza, "Shamba hili la nani?" Nikamjibu kweli, la Mzee Kahindi. Akaandika, akaenda zake. Minazi hakuiulizia, nami sikusema, maana nani kwetu asiyejua kuwa ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ulio juu yake ukawa wa yule? Baba aliipanda kwa ruhusa ya mzee huyo.

Sasa mjukuu wa Kahindi ameiona ramani, anataka kuikata minazi ajenge. Sijui nimkasirikie nani. Yeye ameamini alichoonyeshwa.

Basi katika ghala lenu tia na mahali pa mwenye mti. Na kabla hujaandika, njoo utuulize sote wawili, mimi na yeye. Mara ile niliulizwa nusu tu.

Bibi yako,
Mwanakombo