Mshika Kamba Ndiye Mwenye Amri

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mkono umekataa kuanza vingine.

Ami Bakari amenuna, leo siku ya tatu. Anakuja, anakula wali wangu mpaka ukoko, kisha anaaga nyumba nzima isipokuwa mimi. Ngoja nikueleze.

Tangu utuache, mdogo wako ndiye anayeshuka visimani, na mimi bado niko juu na kamba na ndoo, kama nilivyokuwa nawe. Alhamisi tulikuwa Timbwani, kwa mama mmoja aliyechoka kununua maji ya mkokoteni. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Ule udongo mwekundu wa juu ulikuwa umekunywa maji ukawa mzito, na chini yake mchanga mkavu usioshikana. Ulikuwa ukiniambia, "Mvua si neno, Mwanasha. Tazama kile kizito kimekalia nini." Nikatazama. Nikaona mchanga unachuruzika ukutani, mwembamba kama uzi.

Uzi kama ule niliuona siku yako, Baba.

Sijamwambia mtu. Watu wanajua kisima kilikufukia ghafla. Hakikuwa ghafla. Niliuona mchanga ukichuruzika, nawe umeinama unachimba, nikaanza kutafuta maneno. Sheria ulituwekea mwenyewe: aliye juu na kamba ndiye mwenye amri, akisema toka, wa chini anatoka bila kuuliza, hata kama wa juu ni mwanawe. Lakini wewe huyo huyo ndiye uliyenilea nisimwamrishe mkubwa. Nikasema, "Baba, samahani, naona kama..." Polepole, kwa adabu. Ukainua uso kunisikiliza. Hapo ndipo ukuta ulipokuja.

Laiti ningekupigia kelele. Nikiwa nafua, nikiwa napika, nalisikia lile samahani langu.

Basi Alhamisi sikuomba samahani. Nilipiga ukelele, "Toka! Toka sasa hivi, we Bakari!" Jina kavu, bila ami, mbele ya mwenye nyumba na majirani. Akapanda mbio. Tukasimama kando tukingoja ukuta uanguke.

Haukuanguka. Tulingoja mpaka adhuhuri. Majirani wakacheka, na yule mama akauliza kama tulikuja kuchimba au kuchungulia. Ami akakusanya sururu na chepe lake. "Umenivunjia heshima," akaniambia. "Wallahi, hata marehemu asingekubali."

Kisima kile kimesimama mpaka leo. Pengine nilikosea, na sina njia ya kujua. Limenisumbua hilo. Lakini jana nilimsikia Ami uani akilalamika kwamba mchuzi una chumvi nyingi, na kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa na uhai, nilijifungia jikoni nikalia.

Pumzika, Baba. Kwa lile jina nitamwomba radhi, ni haki yake. Kwa ile amri sitaomba. Na nakuahidi, nikiuona tena ule uzi wa mchanga, nitapiga kelele vile vile, awe nani aliye chini.

Kila asubuhi namwamkia na hanijibu. Si kitu. Nitaendelea kumwamkia, maana yeye yupo wa kuitikia.

Binti yako,
Mwanasha