Majibu ya Kisima cha Mama

Nyumbani, juu ya kijito,
Jumapili, 9 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu, wanakua au wanarefuka tu? Kifua chako je, bado kinakubana na hiyo baridi? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi lina akili zake.

Nakuandikia nikiwa nimetua mzigo. Majibu ya pili ya maji yametoka, na kisima ni kizima. Mama haendi popote. Sasa kaa kitako nikueleze, na kama utataka kunisema, nisubiri nimalize.

Wale wa mgodi walipokuwa wakichimba makaa ya mawe, kisima kilitukaukia kabisa. Walipolifukia shimo na kupanda nyasi juu yake, maji yakarudi polepole, tukashukuru. Kisha watu wakaanza kuingiwa na wasiwasi: mvua inapenya kwenye kile kifusi, inaosha mawe yaliyovunjwavunjwa, na inachookota huko inashuka nacho mpaka visimani. Ndiyo maana nilipeleka maji yetu maabara. Majibu yale ya kwanza unayajua. Chuma kilizidi kipimo mara kumi, tukakatazwa kunywa, nawe ukasema mama ahamie kwako. Sikukulaumu hata kidogo.

Wiki mbili zilizopita mpima maji alikuja mwenyewe, binti mwembamba, buti zake kubwa kuliko yeye. Akaomba nimwoneshe nilivyochota. Nikamletea kwa madaha ile ndoo ya chuma ambayo marehemu baba alitoka nayo mgodini siku aliyostaafu. Unamjua mama, hataki chombo kingine kiguse kisima chake. Binti akapitisha kidole ndani, kikatoka chekundu.

"Dada, maji yalikaa humu muda gani?"

"Tangu jioni mpaka asubuhi. Niliogopa kuachwa na gari la alfajiri."

Alicheka mpaka akaketi chini. Kumbe tulikuwa tumepeleka kutu ya baba ikapimwe.

Mimi sikucheka. Majuma matano mama alikunywa maji ya kuomba kwa watu, kwa sababu nilichota jioni kukwepa kuamka mapema. Niliona aibu sana.

Safari hii walichota wenyewe, kwa chupa yao, waliyoisuuza mara tatu kwa maji yaleyale. Chuma kipo kidogo tu, hakina neno. Chumvichumvi ndiyo imeongezeka kuliko zamani, ila haijafika pa kudhuru. Ndiyo inayozuia sabuni kutoa povu, na mimi mwaka mzima nasemwa kwamba sijui kufua! Watapima tena kila baada ya miezi sita, nami nitasimama pale pale nikiwatazama.

Kijito ndicho bado. Chini ya lile shimo lililofukiwa mawe yamevaa utando mwekundu, na samaki hawajarudi. Wameanza kutandaza mawe ya chokaa kwenye mfereji ili maji yapungue ukali. Itachukua miaka, tusijidanganye.

Nilipomsomea mama majibu nilitegemea atashangilia. Badala yake akauliza, "Sasa majirani nitawatazamaje? Nimeshawaaga wote."

Kumbe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, peke yake, bila kuniambia. Mbele yetu alikuwa akikataa kuhama, kumbe moyoni ameshakubali kuondoka ili sisi wawili tusigombane. Nililia, mdogo wangu, sikufichi. Nisamehe na wewe kwa hofu niliyokutia bure.

Msalimie sana wifi, na mjomba ukimwona. Wanangu wabusu kila mmoja kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote na akupe kifua chepesi.

Mama anakushukuru kwa chumba ulichomwandalia. Anasema usikivunje, atakuja kulala humo wiki mbili kama mgeni, kisha umrudishe kwake.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa.