Ziwa Limenyamaza

Jumamosi, 4 Machi
Watu tele leo. Boti zote za pedali zilitoka, jaketi za uokozi zikarudi zinanuka jasho. Wanafunzi waliruka majini kutoka gatini, waogeleaji wakawafokea, mimi nikawafokea wote. Kazi ni kazi.

Baba mahali pake — kiti cha kukunja, mwisho wa gati, ndoano majini. Macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu. Ukimwambia ziwa dogo hili la msituni lina vidagaa tu, ananuna. Tangu tumzike mama, Jumamosi ndiyo siku pekee anayovaa viatu bila kubembelezwa.

Mimi? Sijambo. Nakula, nalala. Ndani kumekufa ganzi tu, kama shavu baada ya kung'olewa jino.

Jumanne, 7 Machi
Mvua. Mteja hata wa dawa hakuna. Nilikaa kwenye kibanda changu cha kukodisha boti nikisikiliza msitu. Ndege wapo, mbu ndio usiseme. Kitu kinakosekana, lakini nini? Nilikuwa nafunga kibanda ndipo nikang'amua — vyura! Mvua kama hii ikinyesha, zamani tulikuwa tunapiga kelele ili tusikilizane. Leo kimya. Nikatafuta mayai yao kwenye mayungiyungi, hakuna. Maji ya pembeni yamechafuka tope, na mwaka jana ulikuwa unaona vidole vyako vya miguu.

Nilipaswa kusikitika. Nilifunga kufuli nikaenda zangu.

Jumamosi, 11 Machi
Baba kavua! Kambale, mrefu kuliko mkono wangu. Alimpapasa ndevu akacheka mpaka meno ya bandia nusura yadondoke majini. Watu wa kwenye boti wakampigia makofi. Mama yenu angesema nimemnunua sokoni, alisema baba.

Hajacheka hivyo tangu msiba. Nilimwangalia kama mtu anavyoangalia televisheni ya jirani dirishani.

Lakini kambale, ziwa hili? Hakuna mto unaoingia. Nikamtazama kaka, fundi bomba wetu. Akaanza kukagua bomba la choo cha waogeleaji, bomba lisilo na hitilafu yoyote.

Nilimbana tulipokuwa tunapakia kiti. Akakubali: kawaleta yeye, kwa ndoo zake za kazi, safari kadhaa. "Mzee alikuwa anafifia, mdogo wangu. Ulitaka nifanyeje?" Nikamwambia wanamaliza vyura. Akasema vyura si baba yake. Na nisimwambie mtu, hasa mzee. Akijua wamewekwa, raha yote imekwisha.

Jumatano, 15 Machi
Kaja ofisa wa misitu, mama mfupi mwenye buti zinazofika magotini. Waogeleaji wanamwita Bi Buti. Alipima maji, akapekua magugu, akatoka amekunja uso. Mtu ametia samaki wasio wa hapa, anasema. Akimwona mmoja tu kwa macho yake, uvuvi unapigwa marufuku na nyavu zinapitishwa ziwa zima mpaka wa mwisho atoke. Wakiachwa, vyura ndiyo basi, maji yatakuwa uji wa kijani, na nani atakuja kuogelea? Aliyewatia atashtakiwa.

"Wewe unashinda hapa, binti. Hujaona kitu?"

"Mimi kazi yangu boti."

Bi Buti ana haki. Kaka naye ana haki. Nilijaribu kuchagua upande nikiosha vyombo, nikakuta sina upande. Vyombo vimetakata.

Alhamisi, 16 Machi
Hakuna jipya. Chura mmoja, nyuma ya choo. Alilia kidogo akaacha.

Jumamosi, 18 Machi
Naandika nimesimama jikoni, haraka haraka.

Bi Buti alitokea gatini bila taarifa, na papo hapo fimbo ya baba ya kuvulia ikapinda. "Wavu! Leta wavu!" Baba tayari anacheka. Kaka, nyuma ya Bi Buti, ananitikisia kichwa: mwache aponyoke. Sikufikiri. Mikono ilimtia wavuni yenyewe. Mkubwa kuliko wa kwanza.

Bi Buti hakufoka. Alimwamkia baba, akaomba tukazungumzie nyumbani, si mbele za watu. Sasa wako sebuleni. Kambale yuko kwenye beseni hapa, anajipigapiga. Kaka amesema anakwenda kununua sukari. Sukari ipo.

Mlango uko wazi kidogo, nasikia kila kitu. Bi Buti kauliza, kwa upole, nani aliwaleta hawa samaki. Nikajua basi, sasa mzee anajua kwamba waliwekwa. Halafu sauti ya baba, kavu:

"Mimi."

"Wewe, mzee?"

"Niliwabeba mwenyewe. Kwa ndoo. Andika."

Mtu ambaye leo asubuhi nilimshika mkono kumvusha kizingiti!

Kumbe alijua. Tangu yule wa kwanza, labda tangu ndoo ya kwanza. Macho yamekwisha, masikio hayajakwisha. Alikaa pale gatini akisubiri zawadi ya mwanawe imfikie ndoanoni, kisha akashangaa kwa sauti kubwa ili sisi tufurahi.

"Binti!" Bi Buti ananiita. "Hebu njoo. Mzee anasema alipita njia ya msituni peke yake, ndoo huku na huku. Kweli?"

Nakuja, nimejibu. Lakini kicheko kimenibana — kicheko, mimi! — nimejiziba mdomo kwa taulo la vyombo, machozi yananitoka, mbavu zinauma. Siwezi kutoka na uso huu. Anaita tena. Na baba naye anaita, sasa wananiita wote wawili