Maji ya Kunyweshea Pamba

Baba Rhoda,

Ugali nimeufunika, mlenda uko kwenye chungu. Rhoda akitoka shule ale kwanza. Kuku wafungie mapema. Mimi nimekwenda Ipililo kwa mama.

Asubuhi nimekuta ndoo zangu zote tupu na magunia ya pamba yanavuja maji. Mchanga ulikuwa bado kwenye kucha zako, ukatuita sebuleni, ukafumba macho, ukamwomba Mungu atupe moyo safi!

Unasema eti tangu waje hawa wanunuzi binafsi kila mtu anaongeza uzito kwa maji na mchanga, na mizani yao nayo inaiba. Haya, wao ni wezi. Wewe ni mzee wa kanisa.

~~Sirudi.~~ Nitarudi Jumamosi. Jumapili ni zamu yako kusoma Neno, nataka nikae mbele nikutazame.

Ianike pamba, utoe mchanga wote. Usimtume Rhoda, mtoto ameona ya kutosha.

Maji ya mtungini ni ya kunywa. Ukitaka kuinywesha pamba tena, kachote kisimani mwenyewe, ujitwishe kichwani kama mimi, na njia nzima uombe huo moyo safi.

Mama Rhoda