Kamera ya Kwanza

Jumamosi, 13 Januari 1962

Tumekosa kuonyesha bao la hoki tena! La tatu mwezi huu. Winga wetu kawatoroka mabeki kwenye barafu, mji mzima wa Sudbury umekodolea macho televisheni — na Bw. Haddow, mwongozaji wetu wa matangazo, anawaonyesha watu bibi mwenye kofia ya manyoya akila chipsi.

Nilimwambia, "Kamera ya kwanza, bosi!" Akajibu bila kugeuka: "Noreen, kazi yako saa. Hesabu dakika, mama."

Mama! Nina miaka ishirini na tisa.

Jumatano, 17 Januari

Simu za lawama asubuhi nzima. Nazipokea mimi, nani mwingine? Mzee mmoja kafoka: "Bora redio! Kule angalau tunaambiwa!"

Kikaoni Haddow kamwambia meneja kwamba kamera ya kwanza ilichelewa. Uongo mtupu. Armand, mpiga kamera mwenyewe, kanyamaza — ana watoto wanne. Mimi pia nimenyamaza. Najichukia.

Baadaye Armand kanivuta kando: nilijuaje winga atatoroka? Nikamwambia: kaka watano, bwawa la nyuma ya nyumba likiganda, na mimi golini kila majira ya baridi. Kipa asiyesoma mchezo hung'oka meno. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 20 Januari

Bao moja tumelikosa, moja tumelipata kwa bahati. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 27 Januari

Naandika nyuma ya ratiba, ndani ya gari la matangazo. Mapumziko.

Haddow kaja na mafua, sauti imekauka kabisa. Eti yeye aonyeshe kwa kidole, mimi nitamke namba ya kamera kwenye hedifoni. Mdomo wa kuazima! Dakika ya kumi na nne kidole kikaenda kamera ya pili — mashabiki, tena! Na winga ameshaanza kukata kushoto.

Nikasema, "Moja."

Fundi wa kubadilisha picha akabonyeza moja. Bao zima, kuanzia fimboni hadi wavuni!

Haddow kaandika kwenye karatasi: TOKA. Nikamwambia nitatoka kipindi cha kwanza cha mchezo kikiisha. Kimeisha. Kashuka kumtafuta meneja — atamweleza kwa sauti gani, sijui.

Zimebaki dakika mbili. Kiti chake kitupu. Fundi ananitazama mimi.

Armand sikioni: "Dada, wachezaji wanarudi barafuni. Tunamsikiliza nani?"

Nasikia hatua nje, kwenye theluji. Za watu wawili. Nimemjibu: "Mimi. Moja, kaa tayari —"