Finjani Haijatikiswa

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimewaficha watu wa nyumba hii kwamba ninakufa. Daktari wa Nizwa amesema moyo umechoka, nisitegemee kuuona msimu ujao wa tende. Salma, mjukuu wangu, anadhani nilikwenda kwa ajili ya magoti. Yeye ni mhandisi. Anajenga kituo cha kuchajia magari ya umeme kwenye njia kuu ya Ibra kwenda Sur, hapa Omani, mbele ya shamba letu la mitende. Akijua, ataacha kazi aje kunilinda kitandani. Kwa hivyo kimya. Nataka kuiona gari ya kwanza ikichaji. Hilo tu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimetembea mpaka ukuta wa shamba kukitazama kituo. Nguzo nyeupe, nzuri, hazina umeme. Transfoma imekwama Maskati. Nikirudi, nusura nianguke mferejini. Salma akanidaka. "Babu, mbona unahema?" Nikasema magoti. Nani anahema kwa magoti? Mjinga mimi. Amenitazama sana.

Jumatatu, 13 Oktoba
Transfoma imefika. Nimecheka peke yangu chumbani. Alasiri kifua kilibana. Kufa sikuogopa. Niliogopa kukitangulia kituo.

Alkhamisi, 16 Oktoba
Kituo kimefunguliwa. Wa kwanza ni mtalii anayekwenda Ras al Jinz kutazama kasa. Kuchaji kunachukua muda, nami siwezi kumwacha mgeni asimame juani. Nikatandika mkeka chini ya mtende, nikaleta dele, birika la kahawa, na tende. Kwetu mgeni akitosheka huitikisa finjani. Asipotikisa, mwenyeji humimina. Hakutikisa. Nikamimina. Macho yamemtoka, maskini, anakunywa tu kwa heshima. Nyuma yake magari yakaanza kupiga honi. Salma akaja mbio.

"Babu, utamuua mtu wa watu. Betri ya gari yake imejaa zamani."

"Hajatikisa finjani."

"Hajui, Babu. Mtikisie."

"Nimfukuze mgeni, mimi?"

Akamshika yule bwana mkono, akautikisa pamoja na finjani. Foleni nzima ikacheka. Sijacheka hivyo tangu alipokufa mke wangu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Baada ya sala nimemwambia Salma yote. Amelia. Kisha akaosha finjani, tukakaa mkekani. Akaniuliza kwa nini nilimficha. Nikasema kwa ajili ya kazi yake.

Si kweli. Kituo kilikuwa kisingizio. Nilitaka siku chache zaidi za kumimina kahawa kwa mkono wangu, kabla ya kuwa mgonjwa wa kumiminiwa.